Nyuki na Socozaki wacheze, lakini mwenye ufunguo wa mlango ajulikane

Kombe likifika mwisho na zikabaki Nyuki na Socozaki, mji wa Butembo hauna tena habari nyingine. Wamotari wanafunga kitambaa cha ekipe yao kwenye pikipiki, na mteja anayepanda bila kuangalia rangi anasikia maneno njia nzima. Sokoni, mama anayeuza makayabu anampunguzia bei mtu wa upande wake, na yule wa upande mwingine anaambiwa akaombe samaki kwa kipa wake. Ndani ya nyumba moja baba anakaa huku, mtoto wa kwanza kule, na mama anawaambia wote wawili kwamba chakula cha jioni ya siku hiyo kitapikwa na yule atakayeshinda. Ni raha ambayo mji huu unaijua tangu zamani, na hakuna kamanda wala waasi walioweza kuiondoa.

Lakini kila mara swali moja linarudi katika ofisi na katika mikutano ya shirika la raia: mechi kama hii ichezwe? Wengine wanasema iahirishwe hadi usalama urudi. Wengine wanasema ichezwe milango ikiwa imefungwa, bila watu. Wakubwa wa ekipe wanataka ichezwe kiwanja kikiwa kimejaa, maana fainali moja inaingiza pesa ambazo mechi nyingi za kawaida haziingizi.

Ichezwe. Na watu waingie. Ila kuna mambo machache ambayo yasipofanywa, ni heri kweli watu wabaki nyumbani, na mambo hayo hayahusu ekipe hizi mbili hata kidogo. Yanahusu mlango, saa, gazi ya machozi na midomo ya watu.

Wenye umri wanakumbuka mwezi wa tisa 2008. Ilikuwa hapa hapa Butembo, Nyuki na Socozaki. Wakati wa mchezo kipa mmoja alishutumiwa kwamba anatumia ulozi ili kubadilisha matokeo. Wachezaji wakaanza kupigana kiwanjani. Kamanda wa polisi alipojaribu kuingilia, mawe yakarushwa. Polisi wakapiga gazi ya machozi, na watu wote wakakimbilia kutoka kwa wakati mmoja. Watu zaidi ya kumi walikufa, na wengi kati yao walikuwa watoto na vijana wadogo, wa umri wa kuwa darasani Jumatatu asubuhi. Dunia nzima ilipata habari hiyo, na huko mbali ilisomwa kama kichekesho: Wakongomani wameuana juu ya ulozi katika mpira.

Hapo ndipo kosa lilipoanza, na sisi wenyewe wa Butembo tumelibeba hadi leo. Ukiuliza kijana wa leo nini kiliua watu mwaka ule, atakuambia ulozi. Mzee atakuambia ni kipa. Wengine watataja ekipe ambayo si yao. Watu wachache sana watasema jambo ambalo ni wazi mbele ya macho: watoto wale walikosa pumzi. Walisongamana wakitafuta njia ya kutoka, macho yakiwa yamefumbwa na gazi, na njia haikuwatosha.

Inafaa kueleza jinsi mtu anavyokufa katika msongamano, maana wengi wanadhani ni kukanyagwa tu. Anayeanguka anaweza kukanyagwa, ndiyo. Lakini wengi wanakufa wakiwa wamesimama. Watu wanapobanana kabisa, kifua cha mtu hakina tena nafasi ya kufunguka. Anaweza kuwa na nguvu, anaweza kuwa mchezaji, haisaidii, kwa sababu kinachombana si mtu mmoja bali uzito wa wote walio nyuma yake. Na wale walio nyuma hawajui. Wao wanaona mbele kumesimama, wanasukuma zaidi. Mtoto mfupi ndiye wa kwanza kuishiwa pumzi, kwa sababu kifua chake kiko kwenye kimo cha viuno na viwiko vya watu wazima.

Sasa ongeza gazi ya machozi. Gazi hiyo ni nzito kuliko hewa, inashuka chini. Barabarani, mtu akipigiwa gazi anakimbia upande ulio wazi, na upepo unasaidia. Ndani ya kiwanja chenye ukuta hakuna upande ulio wazi. Kuna mlango, basi. Anayerusha gazi ndani ya ukuta hatawanyi watu, anawakusanya wote sehemu moja. Na moshi ukishuka, unamkuta nani chini? Mtoto.

Si Butembo peke yake iliyojifunza hivyo kwa machozi. Tarehe 9 mwezi wa tano 2001, huko Accra katika Ghana, Hearts of Oak walicheza na Asante Kotoko, ekipe mbili zinazoshindana kama Nyuki na Socozaki zinavyoshindana, ila mara mia. Hearts walipopata mabao mawili mwishoni na kuongoza, mashabiki wa upande mwingine wakang'oa viti na kuvirusha. Polisi wakapiga gazi jukwaani. Watu wakakimbilia milango na kukuta imefungwa. Zaidi ya watu 120 walikufa siku hiyo, na kila mwaka Ghana inawakumbuka. Hapa kwetu, tarehe 11 mwezi wa tano 2014, katika kiwanja cha Tata Raphaël mjini Kinshasa, Vita Club na Mazembe: mawe, gazi, mbio, na watu 15 wakafa.

Mfano wa tatu unawahusu zaidi wale wanaosema dawa ni kuzuia mashabiki wa upande mmoja. Katika mji wa Malang, nchi ya Indonesia, tarehe 1 mwezi wa kumi 2022, ekipe ya Arema ilicheza na mpinzani wake Persebaya. Juu ya usalama, mashabiki wa Persebaya walikuwa wamekatazwa kuja. Kwa hiyo jukwaani hakukuwa na mpinzani wa kupigana naye. Arema wakafungwa nyumbani, mashabiki wao wakaingia kiwanjani, polisi wakapiga gazi hadi jukwaani ambako familia zilikuwa zimekaa, na milango mingine haikufunguka vizuri. Watu 135 walikufa. Ugomvi wa ekipe mbili hauhitajiki ili watu wafe namna hiyo. Unahitaji watu wengi, moshi, na mlango mdogo.

Sheria za FIFA juu ya usalama wa viwanja, kifungu cha 19, zinakataza walinzi wa kiwanjani kubeba au kutumia bunduki wala gazi ya kutawanya watu. Ni kweli, sheria ya FIFA si sheria ya Bunge, na kamanda wa polisi anaweza kusema hapokei amri kutoka Uswisi. Lakini mchezo wa kombe unachezwa chini ya shirikisho ambalo liko ndani ya FIFA. Antante ya kabumbu ya mji na ligi ya jimbo, LIFNOKI, zina haki ya kumwambia meya kabla ya mechi: tunaomba polisi, lakini gazi ibaki nje ya ukuta. Kuomba kwa barua, yenye tarehe na kachet ya kupokelewa, ni kazi ya dakika kumi. Na katika jimbo hili, tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, hali ya dharura imeweka uongozi mikononi mwa wanajeshi na polisi. Mtu anayeamua juu ya usalama wa mechi ni mtu mmoja na ofisi moja. Basi hata kumpata si kazi ngumu.

Kuna jambo lingine ambalo mwaka 2008 halikuwa na uzito kama leo. Kiwanja cha leo hakijai watoto wa Butembo tu.

Tangu mwisho wa mwezi wa sita 2024, Kanyabayonga ilipoanguka, na Kirumba nyuma yake, watu wamepanda kuja huku kwa miguu, kwa pikipiki, juu ya malori ya maharagwe. Kabla yao walikuja wale wa upande wa Beni waliokimbia ADF, kisha wale wa sekta ya Bapere. Wengi hawako katika kambi. Wako ndani ya nyumba za watu, jamaa tatu katika vyumba viwili, na mwenye nyumba anaanza kuficha makala yake. Watoto wao wengine wanasoma, wengine wanabeba mizigo sokoni, wengine wanakaa tu. Siku ya mpira wote wanakwenda kiwanjani, wenye tikiti na wasio na tikiti.

Na huko kiwanjani kuna kitu wanachokipata ambacho hakipo sehemu nyingine ya mji. Mtoto mgeni akifika katika mtaa, swali la kwanza anaulizwa ni "Uko wa wapi?" Swali hilo, katika Kivu yetu, si dogo. Nyuma yake kuna mengine: unasema lugha gani, baba yako ni nani, mlikimbia nani, na mbona nyinyi mlipona. Mtoto anajifunza kujibu kwa uangalifu, au kutojibu. Lakini wiki ya fainali watoto wa mtaa wanamuuliza jambo jingine: "Uko wa ekipe gani?" Anajibu Nyuki, au anajibu Socozaki, na kwa jibu hilo moja ana marafiki kumi na maadui kumi, wote wa kucheka nao. Tangu atoke kwao, ni mara ya kwanza anachagua upande bila mtu kufa.

Ndiyo maana kufunga milango na kucheza bila watu ni wazo baya, hata kama linatoka kwa watu wenye nia njema. Linamnyang'anya mtoto huyo kitu kimoja alichopata katika mji huu. Tena halizuii kitu. Butembo ni mji wa vilima. Ukifunga kiwanja, watu watapanda juu ya miti, juu ya mabati ya nyumba za jirani, juu ya ukuta wenyewe, na hapo hakuna polisi, hakuna Msalaba Mwekundu, wala mtu wa kuwahesabu.

Lakini mtoto huyo huyo ndiye aliye katika hatari kuliko wote. Kijana wa Butembo akisikia mlio mkubwa kiwanjani, anageuka kuangalia ni nini. Mtoto aliyetoka Kanyabayonga haangalii. Miguu yake imekwisha kufundishwa. Anakimbia kwanza, na wenzake mia waliopita njia ile ile wanakimbia naye, na watu wa pembeni wakiona watoto mia wanakimbia nao wanakimbia. Haitaji gazi. Sasi moja la hewani, lile ambalo polisi wetu wanapenda kupiga "ili kutuliza watu", linatosha. Sehemu nyingine za dunia labda sasi la hewani linatuliza. Katika mji ambao umepokea watu waliokimbia masasi, kupiga sasi hewani ndani ya kiwanja ni kama kuwasha kiberiti ndani ya depo ya petroli ili uone kama kuna mwanga wa kutosha. Hata fataki za mashabiki, zile ambazo vijana wananunua ili kusherehekea bao, zingefaa kubaki dukani mwaka huu na mwaka ujao.

Tuje kwenye ulozi, maana bila huo mazungumzo ya mpira kwetu hayajakamilika.

Kila mtu hapa ana hadithi yake. Kipa aliyezika kitu nyuma ya goli. Ekipe iliyoingia kwa kuruka ukuta badala ya kupita mlangoni. Kocha aliyekataa kusalimiana. Ni hadithi tamu, zinasaidia jioni kupita, na si kazi ya mtu yeyote kuwakataza watu kuzisimulia. Kama dawa ingeweza kufunga mabao, basi Zaire isingefungwa 9 kwa 0 na Yugoslavia katika Kombe la Dunia 1974, maana wanga wa nchi nzima walikuwa kazini siku ile. Watu wanajua hivyo na bado wanasimulia. Hapo hakuna ubaya.

Ubaya unaanza hadithi inapopewa jina na uso wa mtu, siku ya mechi, mbele ya watu maelfu. Kusema "kuna dawa kiwanjani" ni maneno. Kusema "yule kipa ni mlozi" ni shitaka, na katika vijiji vyetu watu wanajua shitaka hilo linaishia wapi. Kuna bibi wazee waliopoteza nyumba zao, na wengine maisha, juu ya sentensi fupi kama hiyo. Wahamaji wanalijua hilo zaidi, kwa sababu mgeni asiye na jamaa wa kumtetea ndiye wa kwanza kushukiwa mtoto wa jirani akiugua. Basi tusishangae kwamba neno lile lile, likirushwa kiwanjani, linageuka kuwa mawe.

Na fainali ya kombe inaongeza moto. Katika shampiyona, Nyuki na Socozaki wanaweza kutoka sare, kila mtu anarudi nyumbani akiwa amekasirika nusu. Kombe halina nusu. Lazima mmoja alie. Sare inakwenda penalti, na penalti ni mchezo wa kipa, na kipa ndiye yule ambaye watu wanamtazama mikono, glavu, taulo, midomo kama inasema kitu. Kipa akizuia penalti mbili, nusu ya kiwanja wamekwisha kupata maelezo yao. Mwamuzi mwenye akili anaweza kusaidia sana hapo kwa jambo dogo: aangalie goli na nyavu mbele ya makapiteni wote wawili kabla ya penalti ya kwanza, aondoe taulo na chupa zote, kila mtu aone. Si kwa sababu taulo lina nguvu. Ni kwa sababu macho yaliyoona hayana tena cha kubuni.

Radio nazo zisijifiche. Wiki nzima kabla ya mechi, watangazaji wa mji huu wanatangaza fainali kwa maneno ya vita. Ekipe moja "inajiandaa kushambulia". Nyingine "imeweka silaha zake". Jumapili ni "siku ya kisasi". Mshambuliaji ni "muuaji", shuti ni "bomu". Ni kawaida ya kabumbu kila mahali, na mtu wa Paris au Dar es Salaam akisikia hivyo anacheka. Lakini habari za saa moja kamili zinasema ekipe imeshambulia, na habari za saa moja na robo zinasema kijiji kimeshambuliwa, kwa sauti ile ile, mtu yule yule. Mama aliye na radio ndogo ya betri katika chumba cha kukodi anazisikia zote mbili, na mtoto wake anamuuliza: hao wa Nyuki wanakuja na nini? Lugha yetu ina maneno mengine. Bao ni bao. Kushinda ni kushinda. Mtangazaji hodari anaweza kumfanya msikilizaji asimame kwenye kiti bila kulipua mtu.

Zaidi ya hayo, kipindi cha simu za wasikilizaji siku ya Jumamosi kingefaa kuwa na mtu mwenye kidole kwenye kitufe. Shabiki akianza kutaja jina la mchezaji na ulozi katika sentensi moja, simu ikatwe, bila kubishana naye. Anayebishana naye anampa dakika tano zaidi.

Sasa kuhusu saa. Mechi nyingi zetu zinaanza saa tisa na nusu mchana. Kwa mechi ya kawaida inatosha. Kwa fainali haitoshi. Hesabu ni rahisi: dakika 90, mapumziko, dakika za nyongeza, halafu penalti, halafu kukabidhi kombe ambako kila mkubwa anataka hotuba. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, giza linaingia karibu saa kumi na mbili mwaka mzima na halingoji mtu. Watu maelfu wanatoka kwa mlango mmoja gizani, nusu wakiimba na nusu wakilia, wengine wakiwa na njia ndefu hadi mitaa ya pembeni ambako hakuna taa. Fainali ianze saa nane. Jua kali litawachoma wachezaji kidogo, watakunywa maji. Na hotuba ziwe mbili, si saba.

Halafu tikiti. Wakubwa wa ekipe wanauza tikiti hadi mtu wa mwisho mwenye pesa aingie. Hakuna anayehesabu kiwanja kinabeba wangapi. Anayehesabu anahesabu franka. Na kuna desturi nyingine ambayo kila mtu anaipenda na ambayo ni ya hatari sana: dakika za mwisho, mlango unafunguliwa ili watoto wasio na pesa waingie bure. Ni wema, hakuna anayekataa. Lakini fikiria kinachofanyika. Watoto mia kadhaa ambao wamekaa nje dakika 75, wakisikia kelele bila kuona, wanaachiliwa kwa mara moja kupita mlango huo huo ambao watu wazima wenye hasira, wale ambao ekipe yao inafungwa, wanaanza kutoka. Mto mmoja unaingia, mto mwingine unatoka, na wanakutana chini ya mwimo. Hapo hahitajiki mlozi.

Watoto waingie bure, lakini mwanzoni. Wawekewe sehemu yao, upande mmoja wa kiwanja, karibu na njia ya kutokea, wakiwa na walimu au wamama wa mtaa wa kuwaangalia. Jamaa za wahamaji waambiwe siku mbili kabla, kwa radio na kwa viongozi wa mitaa, kwamba sehemu hiyo ipo na haina malipo. Ekipe zitapoteza pesa kidogo. Watoto hao hawakuwa na pesa hiyo hata hivyo.

Na milango. Ipo desturi nyingine, ya kufunga mlango kwa kufuli mechi ikianza, ili wasiolipa wasiingie. Mwenye kufuli anakwenda kutazama mpira kama mtu mwingine yeyote, na nani asingekwenda, ni fainali. Anasimama kule nyuma ya goli, au anakaa na wakubwa kwenye viti vya kivuli, ufunguo ukiwa mfukoni. Mara fujo ikianza, watu wako mlangoni, na ufunguo uko upande mwingine wa kiwanja, nyuma ya umati wote unaokimbia. Hakuna mtu mbaya katika hadithi hiyo. Kuna mtu aliyependa mpira.

Kwa hiyo wiki hii ya fainali, pamoja na kuuliza nani atacheza mbele na nani ameumia goti, mashabiki wa Nyuki na wa Socozaki wangeweza kuwauliza viongozi wao maswali mengine mafupi. Barua ya kuomba gazi na bunduki zibaki nje imeandikwa, na nani ameipokea? Kuna milango mingapi, na mingapi inafungukia nje? Msalaba Mwekundu wako upande gani, na gari la wagonjwa litapita wapi kama barabara imejaa pikipiki? Mwenye ufunguo ni nani kwa jina? Maswali haya yaulizwe kwenye kipindi cha simu cha Jumamosi, badala ya yale mengine, na viongozi wa ekipe zote mbili wakae studio moja kuyajibu.

Na Jumapili, timu zikitoka kupasha mwili moto, kabla hata ya wimbo wa taifa, mtangazaji atakayekuwa kiwanjani amtafute yule mwenye ufunguo, amkute mlangoni, mgongo ukiwa kwa mpira, na amwambie msikilizaji kwamba amemwona. Mtu huyo hataona hata bao moja. Alipwe kama mwamuzi.